Aliye Kichwa Wazi

Gatina,
3 Machi 2025

Kwa Akeyo,

Salamu zikufikie hapo Kambi Muru ukiwa na afya. Mimi ni mzima, ila nimeudhika.

Nikiwa katibu wa kamati ya jubilii ya kanisa, nakujulisha kwamba ombi lako kuhusu jina la mama yako limekataliwa. Picha ya akina mama sita waasisi haina jina lolote nyuma yake, na nyuso zimeliwa na unyevu. Hata hivyo, mavazi yanasema. Watano wamefunga kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama wa kanisa, ambacho mke wa pili haruhusiwi kukifunga. Wa sita yuko kichwa wazi. Huyo ndiye mama yako, na jina lake halitaandikwa chini ya picha wala kusomwa siku ya jubilii. Aliye kando yake, mwenye kitambaa, ni marehemu mama yangu Rosebella.

Ni mimi, dada yako kwa baba tu,
Trizah

Kambi Muru,
9 Machi 2025

Trizah,

Hujambo huko ghorofani? Hapa miguu ya mama imevimba, lakini ulimi haujambo. Alipoiona nakala ya picha uliyotuma alicheka hadi akakohoa.

“Huyo wa kando mwenye kitambaa ni mimi! Rosebella alivua chake akanifunga, mpiga picha akingoja. Akaniambia, ‘Simama wima, Peres. Wakiuliza, waniulize mimi.’”

Wakamuuliza kweli, wakamfungia nje ya umoja miezi sita. Hukuambiwa? Basi tazama mkono wa huyo aliye kichwa wazi, ulio begani mwa mama yangu. Una pete. Mama yangu alivishwa pete na kanisa gani, Bi Katibu? Kwa pupa ya kumfuta mama yangu umemfuta wako.

Mama anataka kusikia jina lake likisomwa akiwa hai.

Mdogo wako, upende usipende,
Akeyo

Gatina,
2 Aprili 2025

Kwa Akeyo,

Natumaini miguu ya Mama Mdogo imepata nafuu.

Niliazima miwani. Pete ipo. Niliwasilisha jambo hili mbele ya kamati kwa maandishi, kurasa tatu. Wakaamua jina la mama yangu liandikwe, na chini ya sura ya Mama Mdogo paachwe patupu. Nikawauliza kama mama yangu alivua kitambaa ili asimame kando ya patupu. Mwenyekiti akasema, “Dada Trizah, keti.” Sikuketi. Nimejiuzulu, na picha nimeichukua, kwa kuwa ni mali ya nyumba yetu.

Jumapili ya jubilii, saa nne, watakapokuwa wakisoma majina yao, nitakuwa kwenu. Nitamsomea Mama Mdogo yote sita.

Wewe si lazima uwepo.

Dada yako,
Trizah