Injini Inayokunywa Gongo

Jumatatu, 7 Aprili
Kabureta ya injini ya boti nimeifungua tena. Jeti, kitundu kinachopitisha mafuta, nimeipanua kwa waya wa breki ya baiskeli, maana gongo haina nguvu ya petroli, lazima ipite nyingi. Petroli inatufikia kwa chupa kutoka Mwaya, siku ikijisikia. Gongo, pombe kali ya ndizi, haijawahi kukosekana kijiji hiki.
Kinachonisukuma ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu Lusajo. Nesi amesema azalie hospitali, ng'ambo ya ghuba. Barabara hatuna. Kwa kasia ni karibu siku nzima.

Jumatano, 9 Aprili
Imewaka! Inanuka kama kilabu cha pombe, lakini inavuta.
Iwashwe kwa petroli kidogo, ipate moto, ndipo ufungue koki ya gongo. Ikizimika ziwani, funga koki, rudi kwenye petroli. Gongo haishiki injini ikiwa baridi. Nimemwelekeza Lusajo, akawa anaitikia kabla sijamaliza. Mvuvi hodari, masikio ya mapambo.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimemkuta mkamwana akichota maji. Nikakohoa, akajifunika kanga na kugeukia pembeni. Ndivyo tulivyo huku: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai pamoja. Mwaka wa tatu sasa, uso wake siujui vizuri. Sikuwahi kuona shida.

Jumapili, 13 Aprili
Uchungu umemwanza alfajiri. Ziwa limechafuka. Wamemlaza ndani ya boti, Lusajo kwenye injini, mke wangu kamshika kichwa. Nikaingia majini nipande.
Mke wangu akasema, "Utakaa wapi humu, na mkweo amelala hivi?"
Kweli. Nikarudi mchangani. Nikampigia Lusajo kelele: petroli kwanza.
Walipopita miamba injini ikazimika. Nikasikia ikikohoa, ikikohoa tena. Mlio ule naujua. Alikuwa anaivuta kwa gongo, baridi. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Upepo ulikuwa unanirudishia sauti yangu mwenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili
Habari imekuja na wavuvi. Walifika kwa kasia, jioni. Mama mzima.
Mtoto wa kike. Hakulia.

Jumatano, 16 Aprili
Tumezika. Lusajo amekiri kwamba alisahau kufunga koki ya gongo, mkewe alikuwa analia. Nina hasira naye, nina hasira na mke wangu, halafu inanigeukia mimi niliyesimama mchangani na akili zangu timamu. Watu wanasema gongo imeua. Gongo haijaua mtu. Fundi alibaki nchi kavu kwa sababu ya heshima.
Sijala.

Jumamosi, 19 Aprili
Mkamwana ameruhusiwa kutoka hospitali. Tulimfuata na boti, mimi na Lusajo. Mpango ulikuwa Lusajo amrudishe, mimi nipite njia ya miguu mlimani. Nikakaa mbali, nimewapa mgongo.
Hakupanda. Nilisikia maji yakimpiga miguuni. Kisha akasema, na hakuwa anasema na mumewe; aliniita mimi baba, kwa wingi wa heshima:
"Tata, endesheni ninyi."
Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani.
Nikapanda. Yeye akakaa mbele kabisa, akitazama ziwa. Niliwasha kwa petroli, nikangoja ipate moto, nikafungua koki. Lusajo alikuwa katikati yetu. Tulipofika kwenye maji marefu mvua ikaanza. Nikavua koti, nikampa Lusajo ampe mkewe.
Alilivaa.