Kanga Yako Ndani ya Koti la Baba

Columbia Heights, Minnesota

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na unaweza tena kutembea mpaka kwa Shangazi. Sisi wazima, na Salehe ananyonya mpaka anasahau kupumua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakujibu "ndiyo Bibi" hata kama jibu ni hapana. Unanijua. Jumapili uliposikia mtoto amepitishwa barabarani kabla ya arobaini, nilitaka kusema nikashindwa. Mama alikuomba radhi, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Sasa nisikilize mimi niliyekuwepo.

Asubuhi ile hita ya jengo letu ilizimika. Baridi ya wiki hiyo, ukitoka kutupa taka tu kope zinashikana. Baba alikuwa safarini na lori. Mwenye nyumba alisema mafundi wameitwa kila mahali, tusubiri. Kufikia adhuhuri barafu ilikuwa imeota upande wa ndani wa dirisha, na Salehe, ambaye hulia mpaka jirani wa juu agonge sakafu, alikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha Mama. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi ndani ya soksi mbili.

Ulipopiga simu, ulisema mtoto asitoke, tuwashe jiko la mkaa chumbani kama ulivyomfanyia Baba alipozaliwa. Nilishalitoa jiko la Baba la kuchomea nyama, natafuta kiberiti, Mama akanishika mkono. Nyumba za huku hazipumui, Bibi. Madirisha tumeyabandika nailoni ili upepo usipenye, na hewa ya mkaa ikikosa pa kutokea inaua watu bila hata harufu. Mama analijua hilo. Lakini anakujua na wewe pia. Sijawahi kumwona akikupinga, hata juu ya chumvi ya mchuzi. Alikaa kitandani akimtazama mtoto, na niliona bado anakusikiliza ingawa simu ilishakatika.

Kisha akasema, "Vaa buti. Nenda kwa Mama Chebet."

Mama Chebet ni nesi Mkenya, anakaa ng'ambo ya barabara, na kwake kulikuwa na joto. Tangu tuhamie nilikuwa sijawahi kumwambia kitu zaidi ya salamu. Nilisimama mlangoni kwake nikiomba atoke mwenyewe aniulize nina shida gani. Hakutoka. Nikagonga. Maneno yalinitoka vipande vipande, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, wala hakungoja nimalize.

"Na mbona mmekaa na katoto kwa hiyo friji?" alisema, tayari mkono mmoja uko ndani ya koti.

Mama alimfunga Salehe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile kanga uliyotuma. Juu yake akavaa koti kubwa la Baba, akapandisha zipu mpaka kidevuni. Mtoto hakuonekana hata nywele. Mama Chebet akamshika mkono huu, mimi ule, maana barabara ilikuwa inateleza kama sabuni na Mama mwenyewe bado hajapata nguvu. Mama hakuharakisha. Alitembea kama amebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

Mama alipofungua zipu nyumbani kwa Mama Chebet, Salehe alikuwa na jasho puani. Akaangua kilio, na Mama akacheka mpaka akalia naye.

Baadaye nilimuuliza kama anaogopa utakasirika.

"Naogopa," alisema. "Ila mtoto hakutoka nje. Alitoka ndani akaingia ndani, na katikati alikuwa kwenye kanga ya bibi yake."

Bibi, hilo ndilo alilotaka kukuambia. Nikikua nataka kuwa mwoga wa namna yake.

Hita imetengenezwa na tumerudi kwa mtindo uleule, kanga na koti. Msalimie Shangazi Mwanaidi, mwambie gauni alilonishonea limenikaa vizuri. Msalimie na Baba Mdogo, asiwauze kuku wote kabla sijaja.

Arobaini ya Salehe bado. Baba anataka kumwonyesha theluji kibarazani, Mama amekataa kabisa. Amesema mtoto hatoki mpaka wewe uwe kwenye simu, useme mwenyewe, "Mtoeni." Tafadhali simu yake ikiita, ipokee.

Mjukuu wako, ambaye siku hizi anagonga milango ya watu,
Zuhura