Herufi Zako Kwenye Nguzo ya Lanet

Baba,

Tangu Jumatatu sijatulia. Niko hapa kwangu, mtaa wa Section 58, nafungua kompyuta, naifunga, natoka nje, narudi. Enzi zile ningekupigia simu. Sasa nakuandikia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiandika mabango ya maduka? Ulikuwa unakata herufi kwenye vipande vya mabati, za kupitishia rangi ukutani, wewe ukigonga patasi, mimi nimekanyaga upande mmoja bati lisiteleze. Mviringo ulikushinda, ukaamua hutahangaika nao. O yako ikawa na kona. S ikawa kama radi. Zote zilikuwa nene, zimebanana bega kwa bega. Nilikuuliza kwa nini usikate herufi laini kama za vitabu vyangu vya shule.

"Mtu yuko ndani ya lori anakimbia Nairobi," ukaniambia. "Lazima asome 'nyama choma' kabla hajapita. Hana wakati ya urembo."

Tulipokuzika, nilizikuta zile herufi za bati stoo, zimeshika kutu. Nilizipiga picha, nikazichora upya moja moja kwenye kompyuta, nikabuni mwenyewe zile ambazo hukuwahi kukata, maana hakuna mwenye duka aliyewahi kukuitisha Q. Nikapata fonti nzima. Nikaiita Bati, nikaiweka mtandaoni, yeyote aichukue bure. Nilitaka uendelee kuandika mji huu. Na kweli ukaandika: kinyozi, kwaya ya kanisa, duka la mbegu. Nilikuwa nasimama njiani kukusoma.

Jumatatu nikaenda kumwona mama kule Lanet. Nilimkuta kwa geti akitabasamu, ananionyesha nguzo ya stima ng'ambo ya barabara. Unayajua macho yake. Maneno hayasomi kutoka mbali, lakini mkono wako hawezi kuukosea.

"Ona kazi ya baba yako," akasema. "Wameandika nini?"

Lilikuwa bango la mtu anayetafuta kiti kwenye uchaguzi. Sura yake juu, na chini, kwa herufi zako: HAPA KUNA WENYEWE. WAGENI MJIPANGE.

Nilitaka kumdanganya, nimwambie ni tangazo la mbolea. Nikakumbuka mlango wetu wa Molo, mwaka ule wa fujo za uchaguzi, ile asubuhi tuliyoukuta umeandikwa HAMENI kwa makaa. Mama alikuwa amebeba blanketi. Wewe ulisimama ukausoma kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Hata kuandika hawajui," ukasema, ukafunga mlango, tukaondoka. Maneno hayo yamenishikilia miaka yote hii. Safari hii wanajua kuandika, Baba. Na wanaandika kwa mkono wako.

Nikamsomea mama, neno kwa neno.

Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na kile kijiko cha chuma anachokwangulia sufuria. Tukavuka barabara. Akawa analowesha na kukwangua, mimi navuta karatasi. Jamaa mmoja wa boda boda, amevaa fulana ya yule mgombeaji, akasimama kando yetu.

"Mathe, hiyo ni ya mheshimiwa. Utajiletea shida."

Mama hakugeuka. "Sura yake nitakuachia," akasema. "Haya maandishi ni ya mume wangu."

Jamaa akaniangalia mimi, kama vile nitamfafanulia. Akawasha pikipiki akaenda, nami nikabaki nikitazama barabara, nisijue kama ameenda kuita wenzake. Hawakuja. Mama alikwangua mpaka chini ya ile sura nguzo ikabaki mbao tupu.

Jioni hiyo niliitoa fonti mtandaoni. Kesho yake nikamtafuta kwa simu mwenye duka la kuchapisha, maana jina lake lilikuwa pembeni mwa bango.

"Siste, hiyo font tuko nayo kitambo," akasema. "Mteja akiitaka, naweka. Mimi sisomi siasa."

Tangu hapo natembea tu. Naacha kazi katikati, natoka, nasoma kila ukuta na kila nguzo. Mabango mengine nimeyabandua. Mengine yako juu, siyafikii. Nikiona O yenye kona moyo unaruka, hata ikiwa ni ya kinyozi.

Jana mama alipiga simu.

"Nasikia umeficha herufi za baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Sasa zimebaki na nani?"

Alijijibu mwenyewe.

"Zimebaki na wao," akasema. "Zirudishe. Halafu uje na rangi, kuna kitu nataka uandike kwa geti."

Nimezirudisha asubuhi ya leo, na sijui kama nimefanya vizuri. Wewe ungejua, au ungejifanya unajua, nami ningetulia. Rangi nimenunua, nyeusi. Kesho nitaandika anavyotaka mama: jina lako, jina lake, na chini yake TUNAISHI HAPA. Anataka maandishi yawe makubwa, yasomeke kutoka barabarani. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, nisichelewe.

Pumzika, Baba. Mimi bado siwezi.

Binti yako