Shuka Mmoja, Nakuona

Jumatatu, 3 Machi

Simu ishirini na tisa za walioanguka wiki iliyopita. Nimezihesabu mwenyewe kwenye daftari la mezani kwangu. Mmoja kavunjika kiganja, mwingine kang'oka jino la mbele, waliobaki michubuko na aibu tu. Na wote wimbo mmoja: nilimbeba mwenzangu nyuma, nilikuwa naangalia simu, nilikuwa nawahi. Wanawahi wapi hawa!

Nawajibu kwa sauti ya asali. Pole sana, mteja wetu, skuta namba ngapi? Wananiita dada. Dada — na miaka hamsini na minne hii!

Kila simu ikilia naomba isiwe sauti ya Kitinda. Wiki ya kumi na moja sasa tangu mwanangu huyu wa mwisho achukue begi lake na kuhamia kwa kinyozi mwenzake. Kisa ni goti. Alirudi nyumbani goti limechanika, alikuwa kambeba mchumba wake kwenye skuta moja — skuta zetu hizi hizi za umeme za kukodi, ninazozipokelea simu mimi! — na helmeti hakuna. Nikasema. Nikasema jioni ile, nikasema asubuhi, nikasema mbele ya yule binti. Akanijibu, "Mama, mdomo wako unauma kuliko goti."

Hajapiga simu tangu hapo. Nami sijapiga. Mimi ndiye mama.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja kaniita. Skuta zimefungwa spika ndogo chini ya usukani. Mwendo ukizidi, zinasema. Wakipanda wawili, zinahisi uzito, zinasema. Ukiiegesha katikati ya njia ya waenda kwa miguu, inasema. Wakubwa wa jiji wamechoka na ajali, na Meneja anataka sauti yangu ya asali. Kaniandikia na karatasi: "Mpendwa mteja, kwa usalama wako tunakusihi upande peke yako."

Tunakusihi! Nikamwuliza nani aliwahi kushuka kwa kusihiwa. Akacheka, akasema watu hawapendi kugombezwa. Hilo nalijua kuliko yeye, kwa hiyo nikaichukua karatasi.

Ijumaa, 7 Machi

Tumerekodi stoo, katikati ya marundo ya matairi, maana huko hakuna mwangwi. Aliyerekodi ni Waya, fundi wetu wa umeme — mwanamke wa maneno machache, bisibisi haimtoki sikioni. Kaniambia nitabasamu nikisema, eti tabasamu linasikika. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mara ya sita ya "tunakusihi" nikatupa jicho dirishani. Ndio hao! Wawili wa ghala letu wenyewe, juu ya skuta moja, wa nyuma kakumbatia boksi la breki. La breki, jamani! Nikasahau maikrofoni, nikamsahau na Meneja. "We! Nani kakwambia hicho ni kitanda cha wawili? Shuka mmoja! Shuka — nakuona!"

Boksi chini. Wote wawili wakashuka. Waya kavua hedifoni, anasugua masikio. Kasema hiyo ataifuta. Nikarudi kwenye kutabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Balaa.

Simu ya kwanza, saa mbili asubuhi. Mwanamume ananong'ona: dada, skuta yenu inaniona, kamera iko wapi? Nikamwambia hakuna kamera. Ya pili, msichana: skuta imemgombeza kama mama yake. Ya tatu, mtu anacheka hata namba haisemi. Kufika ya tano nikaweka simu chini. Nikakimbia karakana. Waya akasikiliza, akaenda kwenye kompyuta yake, akarudi uso umemshuka. Alifuta, ndiyo. Alifuta ile ya asali, na hii ya kufoka ndiyo inayosema kwa kila kosa.

Skuta mia mbili! Mji mzima unafokewa na mimi!

Na nyumbani Mzee wangu, baba yake Kitinda, ananisubiri mlangoni. Alikuwa anavuka barabara kwenda kununua uzi wa cherehani, akasikia "nakuona" nyuma yake. Anasema aliitupa sigara kabla hajageuka. Sigara! Ile aliyoniambia kaiacha miaka mitatu iliyopita. Hilo tutalizungumza.

Jumatano, 12 Machi

Nilivaa gauni langu la kufukuzwa kazi, lile la kijivu. Meneja ana barua ya mteja mmoja, wakili, anasema kafedheheshwa hadharani na chombo cha kukodi. Meneja anatembea huku na huku. Kila skuta ikirudi kuchajiwa, itolewe sauti ile, basi!

Waya yuko mlangoni, mikono imejaa grisi. Akauliza taratibu, "Lakini alishuka?"

Meneja akaifungua barua tena. Akasoma na kidole. Alishuka. Na mwenzake akakodi skuta yake mwenyewe. Imo humo humo kwenye malalamiko.

Meneja kakaa chini. Kasema tungoje mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 17 Machi

KUMI NA MOJA! Kutoka ishirini na tisa mpaka kumi na moja! Meneja kahesabu daftari langu mara mbili, halafu akalihesabu kuanzia nyuma, kana kwamba namba zingemwogopa. Waliobebana ni wawili tu kati ya wote.

Wanageuka! Ndiyo siri yake. Waya kasimama kona ya benki kuangalia. Anasema skuta ikisema "nakuona" watu wanageuka kumtafuta mama aliyesema, na mtu akigeuka hawezi tena kukimbia. Mwanamke mmoja kanipigia kuuliza duka la helmeti. Kasema yule mama anamtia aibu kila asubuhi. Nikamwelekeza kwa sauti ya asali. Hakunitambua!

Meneja sasa hana karatasi. Kasema, Mama Simu, rekodi zote. Sema unavyosema nyumbani.

Jumatano, 19 Machi

Stoo tena, matairi yale yale. Leo sikutabasamu. Ya kubebana tumeifupisha, kitanda nje: "Shuka mmoja, nakuona!"

Mwendo: "Punguza! Huko unakokimbilia watakungoja."
Helmeti (skuta ikiwashwa tu): "Kichwa hicho kikipasuka, fundi gani atakushonea?" Hii ni ya Mzee, kanipa bure.
Kuegesha: "Hapo ndipo pa kuiacha? Mwenye kiti cha magurudumu apite wapi, juu ya kichwa chako?"
Simu (ikiwashwa pia): "Macho mbele. Anayekuandikia hafi, utakufa wewe."

Waya alicheka mpaka tukarudia. Kila neno hapo lilikuwa la Kitinda. Nilishamwambia yote, jikoni kwangu, tena kwa mapenzi, na akafungasha begi. Wageni wananisikia, wa tumboni mwangu kanikimbia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Haya. Ulimwengu sasa una sauti ya mamaye. Atakwenda wapi?

Jumatatu, 24 Machi

NNE. Wiki nzima, nne! Na mmoja wao aliteleza ngazini, skuta hata hajaiwasha.

Meneja kanipigia makofi mbele ya karakana nzima. Wale wawili wa boksi la breki wakasimama kuomba wapewe heshima yao, eti bila wao kusingekuwa na chochote. Kweli kabisa! Nimewapa mkono. Wakili yule kaandika tena: anauliza kama ile ya kwanza, ya kitanda, inaweza kurudishwa, maana mkewe hakuisikia. Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu, makusudi, nijisikie kila kona. Nilijisikia kona tatu. Watu walipunguza mwendo. Nilitaka kumwambia kila ninayepishana naye kwamba ni mimi.

Nyumbani kimya. Cherehani ya Mzee na mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Saa nne na nusu. Karibu mteja wetu, nikusaidie nini? Upande wa pili pumzi tu. Pumzi ile niliizaa mimi.

Akasema anataka kuripoti skuta. Nikamwuliza namba. Mia moja na arobaini. Nikamwuliza ina tatizo gani.

"Imenishusha," akasema. "Mbele ya watu. Nilikuwa na mwenzangu nyuma." Halafu: "Wateja wangu saluni wanaiga sauti ile mchana kutwa, wanauliza ni nani. Nawaambia ni mama yangu."

Mimi! Mwenye maneno! Nikabaki kuandika namba ya skuta mara mbili. Akasema Jumapili saa kumi watakuja, yeye na binti. Nami nikamjibu — aibu gani hii — "Asante kwa kupiga simu, mteja wetu."

Akakata anacheka. Nimelia kidogo chooni, nikaosha uso, nikapokea simu iliyofuata.

Jumapili, 30 Machi

Saa kumi kasorobo. Nimefagia mara mbili. Mzee kavaa shati aliloshona mwenyewe. Kaniomba kitu kimoja, yeye asiyeomba: "Mama Watoto, leo usimseme. Mpokee tu." Nimeapa. Hata akija na goti begani, simsemi. Naandika hapa dirishani ili mdomo uwe na kazi nyingine.

Saa kumi na dakika tano. Ndio hao! Skuta mbili — kila mmoja na yake! Helmeti mbili, ya binti nyekundu. Wanakuja polepole, kwenye kona kanyoosha mkono kuonyesha anapogeukia. Mwanangu! Mzima, miguu miwili, meno yote!

Wamesimama chini hapa. Binti kaiegesha ya kwake ukutani, vizuri kabisa. Kitinda kaiacha ya kwake — hapana. Katikati! Katikati kabisa ya njia ya miguu! Nasikia spika huko chini: hapo ndipo pa kuiacha? Hasogei. Kuna mama anakuja na kigari cha mtoto, atapita wapi huyu?

Nimeapa. Nimeuma ulimi. Mzee yuko nyuma ya kiti changu, mkono wake begani kwangu.

Mbona haitoi? Kavua helmeti. Kaegemea skuta na kutazama juu, dirishani, kwangu. Anatabasamu. Kaweka kiganja nyuma ya sikio, anangoja.

Mzee kauondoa mkono begani. Kigari cha mtoto kimefika. Komeo la dirisha hili linakwama siku zote, linataka mikono miwili, ngoja niweke kalamu —