Nimemsingizia Mbwa Miaka Minne

Jumanne. Joto la hapa kijijini kwetu Mahurunga leo halina adabu, hata kivulini unatoka jasho. Nimechoka. Magoti yamechoka, tumbo limechoka na mbaazi, na uongo wangu nao umechoka.

Nina mbwa, anaitwa Sijali. Anajamba, sikatai. Anakula mabaki ya mbaazi na mabibo yaliyooza chini ya mikorosho, kisha analala barazani kwetu, anaachia kimyakimya, halafu ananusa mkia wake kama anamtafuta mhalifu.

Lakini ya Sijali ni mawili kwa siku. Yaliyobaki ni yangu.

Kila likinitoka nafoka: "Sijali! Toka hapa, mbwa gani wewe!" Naye huondoka, mkia kaufyata, hajitetei. Mke wangu, Mama Zuhura, huziba pua kwa kanga na kumlaani mnyama wa watu.

Leo asubuhi kachoka naye. Kamkabidhi kwa kaka yake anayeishi Kilambo, akalinde mihogo isiliwe na nguruwe. Asirudi tena. Nikaiona kamba inavyomvuta shingo.

Nikanyamaza. Mzee mzima.

Mchana tumekula mbaazi, tumekaa barazani, likanitoka. Kwa mazoea nikafoka: "Sijali! Toka hapa!"

Mama Zuhura akageuka taratibu. "Sijali yupi, Baba Zuhura? Huyu wa Kilambo?"

"Labda harufu yake imebaki."

"Na mlio nao umebaki?"

Akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Halafu akanuna. "Umenifanya nimfukuze kiumbe asiye na kosa. Kesho kamchukue mwenyewe, kwa miguu yako. Na kaka yangu umweleze sababu."

Hapo ndipo penye kazi. Shemeji yangu yule ni mtani wangu, na mtani hasahau. Siku nikifa atasimama msibani aniigize mbele ya waombolezaji, mlio na kila kitu, na hakuna wa kumkataza. Ndiyo mila.

Nimefikiria kusema naumwa. Lakini Sijali angesema nini, angekuwa na mdomo wa kusema? Najua akiniona atatikisa mkia tu, na hapo ndipo patakaponiuma.

Basi nitakwenda alfajiri, kabla ya jua. Nitasema yote kwa shemeji, acheke ashibe.

Na njiani tukirudi, litakalosikika nitalikubali. Hata likiwa lake.