Bunduki ya upepo na mfuko wa Papa

Jumapili. Mvua ya asubuhi ilikatika kabla hatujatoka kanisani, na tuliporudi mawe meusi ya uani kwetu Katoyi, hapa Goma, yalikuwa yakifuka mvuke kama bugali iliyopakuliwa sasa hivi. Nina uchovu mwepesi, ule wa kuvua viatu vilivyobana.

Tangu juzi kuna bunduki ndani ya nyumba yangu. Nimetangaza habari za bunduki redioni kwa miaka ishirini na sita, na hii ndiyo ya kwanza kuwa mali yangu.

Ni bunduki ya upepo. Haina baruti. Unakunja mtutu mpaka springi ya ndani ikaze, unatia plombu, kipande kidogo cha risasi chenye kiuno cha nyigu, unafunga, unalenga kopo. Ni ya mchezo tu. Nimemnunulia baba yangu, na niandike kwa usahihi: nimeinunua ili asiondoke.

Papa ana miaka themanini na mmoja. Alifika Goma miezi mitano iliyopita kutoka kijijini kwetu, upande wa Beni, akiwa na mfuko mmoja wa turubai. Kila Jumapili baada ya misa anaupanga mfuko ule: suruali mbili, koti, rozari ya marehemu mama, ufunguo wa nyumba. Anauweka kando ya lango, anaketi juu ya jiwe, anangoja gari la kumrudisha. Kila Jumapili namwambia njia imefungwa, labda wiki ijayo.

Jumapili iliyopita hakungoja. Mwendesha pikipiki anayetufahamu alimkuta amekwisha kupita Majengo, anaelekea nje ya mji, mfuko begani. Njia ile naijua kwa sababu ya kazi yangu. Najua kizuizi baada ya kizuizi, na najua mzee anayetembea peke yake anafika wapi.

Hafiki.

Kwamba njia imefungwa ni kweli, lakini si kweli yote. Nyumba yake imechomwa. Habari ilinifikia alipokuwa na mwezi mmoja tu hapa kwangu. Nikathibitisha kwa watu watatu, kama ninavyothibitisha kila kitu, nikaisoma redioni pamoja na habari nyingine za siku ile. Kisha nikarudi nyumbani, nikampakulia Papa chakula, nikanyamaza. Miezi minne nimenyamaza.

Wazo la bunduki lilinijia usiku ule aliporudishwa. Nilipokuwa mtoto Papa alikuwa msimamizi wa shamba la kahawa, na mwenye shamba alipoondoka alimwachia bunduki ya upepo. Jumapili yeye na rafiki zake watatu walipanga makopo ya maziwa chini ya ukingo wa udongo mwekundu, nyuma ya nyumba. Aliyekosa alikwenda kuwachotea wengine maji. Hizo ndizo siku pekee nilizomwona baba yangu akicheka mpaka anaketi chini. Bunduki ile ilichukuliwa na askari katika vita vya kwanza vya Kongo. Walidhani ni ya kweli. Nadhani walijuta.

Nilisikia kwamba mjane mmoja wa Himbi anauza ya mumewe. Ni watu wa upande wa Bukavu. Mume alikuwa karani, na Jumamosi alikuwa akipiga vifuniko vya chupa uani. Mama yule aliitoa juu ya kabati, imefungwa ndani ya kitenge.

“Mama wa redio, Goma muzima inatafuta namna ya kuondosha bunduki, wewe unakuja kununua?”

“Hii ni ya kucheza, mama.”

“Najua. Marehemu alicheza nayo miaka kumi na tano, hakuua hata panya. Na panya tulikuwa nao!”

Niliikagua kama ninavyokagua mashine ya kurekodia. Nilitazama ndani ya mtutu kwenye mwanga: kutu kidogo mdomoni, ndani safi. Springi ilikaza vizuri. Kitako kilikuwa na alama iliyolika pale ambapo shavu la mtu lilikaa miaka yote ile. Yule mama aliigusa alama kwa kidole kimoja, kisha akanisukumia bunduki haraka.

“Huyo muzee wako ataitunza?”

“Ataitunza.”

“Bon. Mupelekee.”

Tulifungua skrubu, tukatenganisha kitako na mtutu, nikavitia ndani ya mfuko wa kisimamio cha maikrofoni. Askari wa njia panda wote wanaufahamu mfuko ule. Hakuna aliyeniuliza kitu. Sijivunii, lakini nimeandika.

Kabla ya kumwonyesha Papa nilimwita Mama Sifa. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na ndiye mkubwa wa nyumba kumi. Katoyi huwezi kupiga hata misumari siku nzima bila nyumba kumi kujua, sembuse hii. Tena nusu ya nyumba hizo sasa zina wageni waliokimbia vita, watoto wanaoingia chini ya kitanda mlango ukibamizwa. Mama Sifa aliigeuza bunduki juu chini, akataka isikike mara moja ndani ya nyumba bila risasi. Pu. Akacheka kwa mshangao.

“Ni hii tu? Bwana yangu akikohoa anaipita!”

Jana akapita mlango kwa mlango. Nilimsikia kutoka jikoni, akilitaja jina langu: “Kesho kisha misa mutasikia pu, pu. Musikimbie. Hiyo haiko vita, ni muzee wa kwa Masika anacheza. Wenye kutaka kuona wakuje, wasimame nyuma.”

Leo basi. Tulirudi kutoka misa, Papa akapanga mfuko, akaketi juu ya jiwe lake. Mimi nikapanga makopo manne ya nyanya juu ya ukuta wa mawe, nikamletea bunduki mikononi kama mtu anayempelekea mwingine mtoto amshike.

Aliukunja mtutu nusu, akausikiliza. Akauliza kama nina mafuta ya cherehani. Ninayo. Alitia matone mawili kwenye kiungo, akapangusa kwa leso yake. Vidole vyake, ambavyo asubuhi haviwezi kufunga kifungo cha shati, havikutetemeka. Nikadhani nimeshinda.

Kisha akatazama makopo yangu, akairudisha bunduki chini.

“Nani aliyaweka pale?”

“Mimi, Papa.”

“Juu ya jiwe? Unataka plombu irudi itutoboe macho? Nyuma ya kopo kunakuwaka udongo. Udongo! Nilikufundisha nini?”

Alisema kweli. Nimekaa Goma muda mrefu hata nimesahau kwamba kuna ardhi inayopokea kitu bila kukirudisha. Hapa ni mawe ya volkeno kila upande. Udongo tunaununua kwa ndoo. Mama Sifa anao, anapandia lengalenga. Akajitolea ndoo tatu, huku akilalamika kwamba tutamlisha mboga zenye risasi. Lakini udongo ungemwagwa wapi? Ulihitaji kitu cha kuushika usimame. Nilikwenda kutafuta gunia jikoni, sikupata. Niliporudi, Papa alikuwa amesimama langoni, anautazama mfuko wake.

“Masika,” akasema, bila kugeuka. “Ile nyumba yetu iliungua.”

Nimehoji makamanda, nimehoji wajane. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wao, chanzo kwanza.

“Nani alikuambia, Papa?”

“Wewe. Ku redio. Ulisema nyumba kadhaa ziliungua.” Akageuka. “Wewe, tangu utoto unahesabu hata maharagwe ndani ya sahani. Siku zote unasema nyumba tisa, nyumba kumi na mbili. Siku ile ukasema kadhaa. Nikajua yetu iko ndani.”

Zilikuwa nyumba kumi na nne. Nilikuwa na orodha mezani mbele yangu. Nilipofika kwenye sentensi ile macho yangu yaliruka tarakimu, na mdomo ukatoa neno ambalo nawakataza waandishi wachanga kulitumia. Hakuna mhariri aliyeligundua. Hakuna msikilizaji aliyepiga simu.

“Ju ya nini hukuniambia kama unajua?”

“Na wewe?”

Mama Sifa alikuwa amesimama na ndoo yake. Alikuwa na adabu ya kutazama lengalenga.

“Sasa ulikuwa unaenda wapi na mufuko, Papa?”

“Kuiona. Mutu wako akifia mbali, huendi hata kuona kaburi?”

Nikamwambia. Nyumba kumi na nne, yake ya tatu kutoka kisimani. Paa na milango imekwisha, kuta mbili zimesimama. Mti wa parachichi haukuungua. Njia haijafunguka na sijui itafunguka lini; sikusema wiki ijayo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri, kama anavyosikiliza redio.

“Kuta mbili,” akasema.

“Mbili.”

Kisha akainama, akafungua mfuko, akatoa suruali moja, akatoa ya pili, akatoa koti, akanipa vyote mkononi. Rozari aliivaa shingoni. Ufunguo aliutia mfukoni mwa shati. Akaukung'uta mfuko mtupu, akaushika mdomo wazi mbele ya Mama Sifa.

“Mwaga udongo, mama.”

Tuliusimamisha kwenye ukuta, umejaa, mnene kama mtu mfupi aliyeshiba, na kopo moja mbele yake. Tukasimama wote nyuma. Papa alikosa mara mbili na kulaumu mvuke. Ya tatu kopo likaruka. Mama Sifa alijaribu, akakosa vibaya sana, akaambiwa kanuni ya kwetu, akaenda kuchota maji akitukana kwa Kiswahili na Kifaransa. Hapo Papa alicheka. Hakuketi chini, kwa sababu chini kulikuwa na maji. Lakini alishika ukuta.

Sasa amelala. Suruali zake ziko kwenye kamba. Nimezifua ingawa hazikuwa chafu. Siwezi kuandika kwamba nimemponya, wala kwamba haondoki. Ufunguo bado uko mfukoni mwa shati, na udongo unaweza kumwagwa kwa dakika moja. Jumapili ijayo nikimkuta ameketi langoni, nitaketi naye na kumpa habari jinsi ilivyo, kwa tarakimu.

Nimetoka na taa kuutazama mfuko. Una matundu saba. Nimeyahesabu mara mbili.