Kiibodi ya Laki Nne

Asma, upo? Nina hasira kweli.

Unaikumbuka ile kiibodi nzito ya kompyuta pale steshenari kwangu, iliyotoka ofisi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa? Nilimpa Nurudini fundi simu BURE, maana kelele zake zilikuwa zinaudhi wateja.

Kaiuza mtandaoni. Laki nne!! Mpya hapa Kasulu elfu kumi na tano, Asma.

Eti kuna Mjerumani anakusanya kompyuta za zamani, na wenzake walikuwa wanaigombania. Nikamuuliza, "Laki nne kwa ule uchakavu?" Akacheka: "Dada Pelagia, wenyewe wanapenda hizohizo kelele."

LAKI NNE. Nikasema hongera huku roho inaniuma. Sikufichi, nimemwonea wivu mpaka soda aliyoninunulia imenishinda kumeza.

Halafu akauliza, "Huna nyingine?" Nikamjibu sina, tena kwa sauti kavu.

Asma, ninayo. Iko stoo, nyuma ya magunia ya maharage. Ila mimi kuuza huko mtandaoni sijui, na Kasulu nzima ninayemjua anayeweza ni yeye tu.